Chunjua za Mtoto: Pini, Utomvu au Subira?

Mtoto wa Kiambere akianza kuchechemea, mkubwa wake humkalisha juani, humgeuza unyayo na kutafuta funza. Si kosa. Huku Mbeere Kusini mvua ni haba, vumbi la njia za shuleni na mtoni ni jingi, na watoto wengi hutembea pekupeku. Pini hupitishwa kwenye moto, ngozi hukwanguliwa, funza hutolewa. Ila zipo siku ambazo pini huchimba na funza haonekani. Damu inatoka, mtoto analia, na baada ya wiki kadhaa kijivimbe kilekile kimerudi, pengine na vingine viwili pembeni. Huyo hakuwa funza. Ilikuwa chunjua, na pini imeisaidia kuzaana.

Ukitazama kwa makini utaona tofauti. Funza ni kiroboto jike aliyejichimbia ndani ya ngozi. Huwasha, hunenepa kwa siku chache, na huwa na nukta moja nyeusi katikati ya uvimbe mweupe. Chunjua ya unyayo hukua polepole, ni ngumu, na mistari ya kawaida ya ngozi hukatika inapoifikia. Ndani yake huonekana vidoa vyeusi vingi, vidogo sana, ambavyo watu huviita mizizi. Si mizizi. Ni mishipa midogo ya damu ambayo damu yake imeganda. Mtoto huumia zaidi ukiibana chunjua kutoka pande mbili kuliko ukiibonyeza kwa juu. Zile za vidoleni na mgongoni mwa mkono hutambulika kwa urahisi zaidi kwa sababu huinuka na kukwaruza.

Kipo pia kipele kingine kinachowachanganya wazazi: kidogo, laini, chenye kung'aa, na kishimo katikati. Hicho huletwa na kirusi cha jamii ya ndui, nacho kwa kawaida huondoka chenyewe. Dawa kali ya chunjua ikipakwa hapo huunguza ngozi laini ya mtoto bila sababu.

Kwa karne nyingi watu katika nchi nyingi walimsingizia chura kwamba ndiye huleta chunjua, labda kwa kuwa ngozi yake ina vinundu. Mwaka 1907 daktari Mwitaliano, Giuseppe Ciuffo, aliusaga mnofu wa chunjua, akaupitisha kwenye chujio lenye vitundu vidogo kiasi cha kuzuia bakteria, kisha akajitia majimaji yaliyopita kwenye ngozi yake mwenyewe. Baada ya miezi kadhaa chunjua zikamtoka. Basi kilichozileta kilikuwa kidogo kuliko bakteria. Leo tunakifahamu: virusi vya papiloma, vinavyojulikana kwa herufi HPV, ambavyo aina zake zinapita 200.

Herufi hizo humtisha mzazi, kwa sababu amezisikia zikitajwa pamoja na saratani ya mlango wa kizazi. Naomba wasiwasi huo uishie hapa. Aina zinazoongoza kwa saratani hiyo ni ya 16 na ya 18. Chunjua za mikono na nyayo huletwa na nyingine, kama ya 1, ya 2, ya 4, ya 27 na ya 57. Chanjo ambayo Kenya ilianza kuwapa wasichana wa miaka 10 mwaka 2019 inazuia aina za saratani. Haikuwekwa kwa ajili ya chunjua za mkononi. Msichana apelekwe akachanjwe, awe na chunjua au asiwe nazo.

Kirusi hiki huingia kupitia mchubuko mdogo ambao hata jicho halioni: penye kucha iliyotafunwa, ngozi iliyokwaruzwa na mwiba, unyayo uliolainika kwa maji. Hushuka hadi tabaka la chini la ngozi na kukaa humo. Seli za ngozi hupanda juu kadiri zinavyokomaa, nacho hupanda pamoja nazo kikijizidisha, hadi zinapobanduka zikiwa zimejaa virusi tayari kwa mtoto mwingine. Hakiingii kwenye damu. Hakiui seli. Hakileti homa. Kwa hiyo askari wa mwili, wanaozunguka ndani ya damu, hukaa muda mrefu bila kujua kwamba kuna mgeni. Kati ya kuambukizwa na chunjua kuonekana hupita miezi, na ndiyo maana ni vigumu kujua mtoto aliipata wapi.

Kisha siku moja kinga ya mwili humgundua mgeni huyo, na hapo mambo hubadilika upesi. Mtoto aliyekuwa na chunjua nane kwa mwaka mzima anaweza kuzipoteza zote ndani ya wiki chache, hata zile ambazo hazikuguswa na dawa yoyote. Nchini Uholanzi watafiti waliwafuata watoto zaidi ya 1,000 wa shule tatu za msingi. Karibu theluthi moja walikuwa na chunjua, na kati yao takriban nusu walipona kabisa ndani ya mwaka mmoja. Watoto wadogo walipona upesi kuliko wakubwa, na wale wasio na asili ya Kizungu walipona upesi zaidi. Watafiti hao waliona pia kwamba maambukizi mengi yalitoka nyumbani na kwa wanafunzi wa darasa moja.

Kupona kwenyewe namna hiyo kumewajengea sifa waganga na dawa nyingi zisizostahili. Ukifunga uzi kwenye chunjua leo, au ukaisugua kwa ganda la ndizi, na mwezi ujao ikaanguka, ni vigumu mtu kukuambia kwamba ingeanguka hata bila uzi. Jirani atasikia, naye atafunga uzi. Simlaumu mtu kwa kuamini alichokiona kwa macho yake. Lakini kwa kuwa nyingi zitaondoka zenyewe, swali la kuuliza juu ya kila tiba ni hili: je, itamdhuru mtoto kuliko chunjua yenyewe inavyomdhuru?

Wembe unamdhuru. Ukikata chunjua unafungua mlango wa pepopunda na vijidudu vingine, unamwachia kovu, na virusi vilivyotapakaa kwenye kidonda huotesha nyingine pembezoni. Pini au wembe ukipita kutoka mtoto mmoja hadi mwingine unaweza kubeba virusi vya homa ya ini na vya Ukimwi pia. Asidi ya betri inaunguza hadi kwenye mnofu.

Utomvu wa mnyaa nauogopa zaidi, kwa sababu mti wenyewe uko karibu mno. Ni ule usio na majani ya kuonekana, wenye vijiti vya kijani vilivyo duara, unaopandwa kuwa ua wa boma katika sehemu nyingi za Kenya. Ukivunja kijiti hutiririka maziwa meupe, na maziwa hayo yamepakwa juu ya chunjua katika nchi nyingi. Ni kweli huunguza ngozi. Ila hayachagui ngozi yenye ugonjwa na ile nzima, na mtoto akijifikicha jicho kwa kidole kilichopakwa anaweza kupata kidonda cha jicho kinachomtia giza. Kuna jambo jingine. Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyefanya kazi Kampala, alieleza saratani ya taya iliyokuwa ikiwapata watoto wa Afrika, na ugonjwa huo ukaitwa kwa jina lake. Wanasayansi waliofuata wameuchunguza mnyaa, kwa kuwa unaota kwa wingi katika maeneo yenye ugonjwa huo, na wamekuta ndani ya utomvu wake kemikali zinazoweza kuviamsha virusi vya Epstein-Barr, ambavyo vinahusishwa na saratani hiyo. Hilo halithibitishi kwamba kupaka mnyaa mara moja kunaleta saratani. Kwangu, linatosha kuuweka mbali na mikono ya mtoto.

Dawa ya nyumbani iliyopimwa vizuri kuliko zote ni asidi ya salisiliki, yenye nguvu ya asilimia 15 hadi 20 kwa mtoto, inayouzwa kwenye maduka ya dawa kama maji mazito au kama plasta. Soma karatasi yake. Marhamu ya Whitfield, ambayo zahanati nyingi hutoa kutibu ugonjwa wa mashilingi, ina asidi hiyo pia, lakini ni asilimia 3 tu. Itaponya mashilingi, haitaing'oa chunjua.

Namna ya kuitumia ndiyo inayoamua kama itafaulu. Usiku, mtoto akishaoga, loweka mkono au mguu kwenye maji ya vuguvugu kwa dakika tano hadi kumi. Sugua sehemu ya juu ya chunjua kwa upole ukitumia tupa ya kucha au kipande cha jiwe la kusugulia miguu, ambacho kitakuwa cha chunjua hiyo peke yake, kisha kitupwe. Usisugue hadi damu itoke. Paka mafuta ya mgando kuizunguka ili ngozi nzima isiungue, dondosha dawa juu ya chunjua, iache ikauke, funika kwa plasta. Kufunika ni muhimu sana kwa mtoto mdogo anayetia vidole mdomoni na machoni. Rudia kila usiku, hadi wiki 12. Ngozi ikiwa nyekundu na kuuma, pumzika siku chache kabla ya kuendelea. Wengi huacha katika wiki ya tatu wakidhani dawa haifai, na hapo ndipo ilikuwa inaanza kazi. Usiipake usoni, sehemu za siri, kwenye alama ya kuzaliwa wala penye kidonda. Mtoto wa chini ya miaka 2 asipakwe kabisa pasipo ushauri, na kwa aliye chini ya miaka 5 ningepita kwanza zahanati kuuliza.

Kuhusu utepe wa gundi wa mafundi: mwaka 2002 utafiti mdogo wa Marekani ulidai kwamba kuifunika chunjua nao kunashinda hata kugandisha. Mwaka 2006 Waholanzi waliujaribu kwa watoto 103 wa shule, na baada ya wiki sita waliopona kwa utepe walikuwa asilimia 16 dhidi ya asilimia 6 ya wengine, tofauti ambayo ingeweza kuwa ya bahati tu. Hauna madhara makubwa. Usiutegemee.

Kugandisha hufanywa kwa naitrojeni ya majimaji, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Wafugaji wa Embu na Meru wameshaiona: ndiyo inayofuka moshi mweupe ndani ya mtungi wa daktari wa ng'ombe anapokuja kupandisha kwa mbegu za kuhifadhiwa. Asiombwe kamwe kumchoma mtoto nayo. Sekunde chache zikizidi huua ngozi na neva zilizo chini. Hospitalini hutumiwa na aliyefunzwa, kila baada ya wiki mbili au tatu. Utafiti wa Kiholanzi wa mwaka 2010 uliwalinganisha wagonjwa 250. Kwa chunjua za kawaida kama zile za mikononi, baada ya wiki 13 walipona asilimia 49 ya waliogandishwa, 15 ya waliopaka asidi, na 8 ya waliosubiri. Kwa zile za nyayo hapakuwa na tofauti ya maana. Kugandisha huuma, huacha lengelenge, na kwenye ngozi nyeusi huweza kuacha baka jeupe kwa muda mrefu. Kumshikilia kwa nguvu mtoto wa miaka mitatu au minne, anayepiga kelele, kwa ajili ya kitu kisichomuuma, naona si sawa. Akifika umri wa kuelewa na kukubali, ni jambo jingine.

Wapo ambao hawapaswi kusubiri. Mtoto aliyejaa chunjua nyingi zinazoenea kwa kasi, hasa zile bapa za usoni, au mwenye kuugua mara kwa mara na kukonda, apimwe virusi vya Ukimwi, maana kinga iliyodhoofika huziachia chunjua zitambae. Kipimo ni cha faida yake: akigundulika, dawa zipo na ataishi. Chunjua iliyo karibu na jicho, inayotoa damu au usaha, inayobadilika rangi, au inayomzuia mtoto kutembea na kushika kalamu ionwe na afisa wa kliniki. Zikiwa sehemu za siri, mpeleke hospitali bila kuchelewa na bila kumtuhumu mtu kabla. Huenda alizipata wakati wa kuzaliwa au kwa mikono yake mwenyewe, lakini huenda mtoto amedhulumiwa, na ni lazima achunguzwe na mtu mwenye ujuzi. Simu ya bure ya kusaidia watoto nchini Kenya ni 116.

Safari ya matibabu haina budi kuanzia karibu. Anza na zahanati au kituo cha afya, na ikihitajika waombe barua ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Embu. Uliza kama kuna mhudumu aliyesomea ngozi. Tangu mwaka 1992 kipo chuo cha kanda cha magonjwa ya ngozi mjini Moshi, Tanzania, kilichoanzishwa ili kuwafunza maafisa wa kliniki na wauguzi wa nchi za Afrika, kwa sababu madaktari bingwa wa ngozi ni wachache na wengi wako mijini.

Nyumbani, kila mtu awe na taulo lake, kikata kucha chake na ndara zake. Mzuie mtoto kutafuna kucha na kuchokoachokoa chunjua. Asizuiwe kwenda shule wala kucheza, na mwalimu asikubali wenzake wakatae kumshika mkono: virusi hivi wengi wao watakutana navyo hata hivyo. Basi mzazi mwenzangu, ukiona kijivimbe kigumu kidoleni mwa mwanao leo, rudisha wembe mahali pake, nunua asidi ya salisiliki kama umri wake unaruhusu, na kama huna hakika ni chunjua, mwonyeshe mhudumu wa zahanati kabla ya kugusa chochote.