Kitanzi cha Marangu (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulimwacha Carl Peters, mtoto wa mchungaji, akizunguka Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami mwishoni mwa 1884, akiwafanya watawala watie saini mikataba ya Kijerumani wasiyoweza kuisoma. Mwaka 1889 alirudi na msafara mwingine, akapanda Mto Tana hadi Uganda, huku akipigana na Wamasai na kuchoma vijiji njiani. Mambo hayo hatukuyasikia kwa maadui zake. Aliyaandika mwenyewe, tena kwa fahari.

Mtu huyo ndiye aliyekabidhiwa Kilimanjaro mwaka 1891, awe kamishna wa Kaisari. Kituo chake kilikuwa Marangu, kwa Mangi Marealle. Oktoba mwaka huo alimnyonga mtumishi wake, Mabruk, kwa madai ya wizi. Ilijulikana baadaye kwamba kijana huyo alituhumiwa kulala na Jagodia, msichana ambaye Peters alimfanya kimada. Jagodia alitoroka, akakamatwa, akachapwa viboko mara kwa mara, na Januari 1892 naye akanyongwa. Alikuwa binti asiye na mtetezi mbele ya mtu aliyekuwa mshitaki, hakimu na mwenye kamba. Ndiyo maana watu walimwita Peters Mkono wa Damu.

Peters hakufika huku kwetu Mbulu wala Hanang. Aliyefika ni Oscar Baumann wa Austria, ambaye mwaka huohuo wa 1892 aliliona Ziwa Manyara, akateremka bonde la Ngorongoro na kufika Eyasi. Hata hivyo, habari za Marangu zinatuhusu sana.

Machi 1896 mbunge August Bebel aliyafichua mauaji hayo bungeni Berlin, na Ujerumani ikatikisika. Mwezi uliofuata serikali ilitoa amri juu ya adhabu kwa Waafrika: wanawake wasichapwe, na mwanamume asipigwe zaidi ya viboko 25 kwa mara moja. Kiboko hakikuondolewa, kilihesabiwa tu. Hamsa ishirini ikawa sheria, pamoja na kifungo cha mnyororo, na maofisa waliokuja kujenga boma la Mbulu walifika nayo mkononi. Kwangu, hilo ni baya kuliko hasira za mtu mmoja, kwani ukatili wa Peters ungeweza kuondoka naye, lakini ule ulioandikwa ulihama kutoka boma hadi boma.

Peters mwenyewe alifukuzwa kazi mwaka 1897, na hakufungwa hata siku moja kwa mauaji. Mwaka 1905 Kaisari Wilhelm wa Pili alimrudishia cheo chake, 1914 akampa pensheni, na mwaka 1937 Hitler akamsafisha jina akiwa kaburini. Mabruk na Jagodia hawakusafishwa na yeyote.

Wiki ijayo tutaingia nchi ya Wabarbaig, kwa Gidamowsa mwana wa Saigilo, kiongozi wa ibada ambaye Wajerumani walimnyonga, na tutauliza walimwogopea nini mtu aliyesikilizwa kwa maombi yake.