Vijana na Samaki Wakubwa wa Bahari Kuu

Kila mwaka upepo wa kaskazi uanzapo kuvuma na bahari ikatulia, sulisuli hufika kwa wingi mbele ya Malindi na Watamu. Kijana wa pwani aliyezoea kuvua changu na tewa kwa mshipi wa mkono kando ya miamba, siku ya kwanza apelekwapo nje kurambaza huona jambo geni. Pezi la mgongoni, pana kama tanga, lachomoza juu ya maji, na mara samaki mrefu kuliko yeye mwenyewe aruka nyuma ya chombo.

Yafaa kijana amjue samaki huyo kabla ya kutamani kumshika. Sulisuli na nduwaro ni wa jamaa moja. Wote wana mdomo wa juu uliochongoka kama mkuki, nao huutumia kuwapigia samaki wadogo waendao kwa makundi. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba sulisuli hukimbia kilometa 110 kwa saa, lakini vipimo vya wataalamu vya miaka ya karibuni vimeonyesha kuwa mwendo wake haufiki hata nusu ya huo. Hata hivyo, mwenye kushika mshipi hatauona mwendo huo kuwa mdogo! Hukua upesi pia, hata hupita urefu wa meta moja katika mwaka wake wa kwanza.

Juu ya nduwaro wa buluu kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Dume ni nadra kupita kilo 150, lakini jike aweza kupita kilo 500. Basi yule samaki mkubwa kabisa, ambaye zamani alining'inizwa gatini ili watu wapige naye picha, alikuwa ni mama mwenye mayai kwa mamilioni.

Ndiyo sababu vijana wanaofundishwa uvuvi huu leo huanza na kazi ya kumwachilia samaki. Hutumia ndoana ya duara, ambayo hunasa pembeni mwa kinywa wala haimezwi tumboni. Samaki akiisha kufikishwa ubavuni mwa chombo hatolewi majini. Baharia mwenye glavu humshika mdomo, na chombo huendeshwa polepole ili maji yapite katika matamvua mpaka nguvu zimrudie. Hapo huchomwa karibu na pezi la mgongoni kipande chembamba chenye nambari, akaachwa aende zake.

Si kila mzee wa pwani apendezwaye na desturi hii. Katika nyumba ambayo kitoweo hakitoshi, kumrudisha baharini samaki wa kilo 40 huonekana kama mchezo wa matajiri, na neno hilo si la kupuuzwa. Lakini sulisuli aliyeachwa aweza kuvuliwa tena, na nahodha, baharia na mwuza chambo wote hupata riziki kwa wageni wanaokuja kumtafuta. Na haki isemwe: katika Bahari ya Hindi wengi wa sulisuli hunaswa kwa majarife, wala si kwa ndoana za wachezaji. Kwa hiyo mwaka 2018 Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, ambayo Kenya ni mwanachama wake, iliweka mpaka wa tani 25,000 za sulisuli kwa mwaka kwa bahari yote, ikakataza pia kuchukuliwa kwa sulisuli na nduwaro wasiofika sentimeta 60.

Mpaka kama huo haufai nchi moja peke yake, maana samaki hawa ni wasafiri. Nduwaro wa buluu aliyetiwa alama karibu na pwani ya Delaware, Marekani, alivuliwa karibu na Mauritius baada ya miaka kama mitatu, umbali wa karibu kilometa 15,000.

Kwetu Afrika ya Mashariki alama hizo hushughulikiwa na African Billfish Foundation, iliyo Watamu. Kijana aliyemwachilia samaki hujaza kadi, akaandika nambari, aina ya samaki, mahali, na uzito kwa kukisia. Na mvuvi wa jarife akipata samaki mwenye kipande hicho asikitupe. Aandike siku, mahali na urefu wa samaki, akipeleke Watamu.