Yavuyavu wa Ghuba ya Winam

Ziwa Victoria lina yavuyavu. Wakazi wengi wa Milimani, Kisumu, ambao maji ya Ghuba ya Winam huyaona kila siku, hawajawahi kusikia habari hiyo, wala si ajabu. Mnyama mwenyewe ana upana wa sentimita mbili hivi, mwili wake unapenyeza mwanga, na hamwashi mtu. Jina lake la kisayansi, Limnocnida victoriae, alipewa na R. T. Günther wa Uingereza mwaka 1907.

Ukoo wake ulikuwa umeshazua mabishano. Mwaka 1883 Mjerumani Richard Böhm alimwona yavuyavu katika Ziwa Tanganyika, na kwa kuwa karibu mayavuyavu wote waliojulikana walikuwa wa baharini, mtaalamu mwingine, J. E. S. Moore, alimtumia kama ushahidi kwamba Tanganyika ni kipande cha bahari ya kale kilichozingirwa na nchi kavu. Ilikuwa nadharia tamu. Kisha mayavuyavu wa jamii hiyohiyo wakapatikana Ziwa Victoria, na hata katika mto Niger, mahali ambapo hadithi ya bahari ya kale haikuwa na pa kushika. Leo tunajua pia kwamba Ziwa Victoria lilikauka miaka ipatayo 15,000 iliyopita. Kwa hiyo waliomo sasa ama waliponea mitoni, ama waliingia maji yaliporudi.

Kuishi maji baridi si jambo dogo kwa mnyama wa asili ya baharini. Chembehai zake zina chumvi nyingi kuliko maji yanayomzunguka, hivyo maji humpenya bila kukoma, na asipoyatoa atavimba hadi apasuke. Sifongo wa maji baridi ana dawa yake: ndani ya chembehai mna vifuko vidogo sana vinavyojaa maji na kuyatema nje, vikajaa tena, usiku na mchana.

Naam, sifongo naye yumo ziwani. Hujibandika kwenye mawe na magogo yaliyozama, akafanya ukoko laini, wa kijani panapofika mwanga, wa kijivu au kahawia kivulini. Ukijani huo ni wa mimea midogo mno inayoishi mwilini mwake. Ukimsagasaga vidoleni utahisi vichomo: ni vijiti vya silika, madini yaleyale ya kioo, vinavyoshikilia mwili wake. (Anayetaka kumtafuta avae buti ndefu na glavu za mpira, kichocho bado kipo Winam.) Sifongo hana mdomo, tumbo, neva wala moyo. Ana matundu. Chembehai zenye mikia kama mijeledi huyavuta maji ndani, bakteria wakanaswa, maji yakatokea tundu kubwa zaidi. Mambo yakiharibika, hutengeneza vidonge vigumu vyenye chembehai zilizolala. Sifongo mwenyewe hufa. Vidonge hustahimili ukame, na maji yakirudi huchipua. Mimi namwona ndiye fundi mkubwa kuliko wote katika ziwa hili, ingawa sifa zote huenda kwa samaki, mbuta na omena.

Yavuyavu ana ujanja mwingine. Yule tunayemwona akielea ni hatua moja tu ya maisha. Hatua nyingine ni polipi, kijirija kidogo kisichozidi milimita chache, kisichojua kubanduka na kuogelea, kimeshikamana na jiwe. Mikononi mwa yavuyavu mna chembehai za kuchoma, kila moja ikiwa na uzi uliokunjwa unaofyatuka kama chusa na kumchoma kijidudu kinachopita. Kasi hiyo imepimwa kwa haidra, jamaa yake wa maji baridi: hatua ya kwanza ya mfyatuko humalizika kwa muda usiofika sehemu moja ya milioni ya sekunde.

Tumbawe nalo ni polipi wa ukoo huohuo, mwenye silaha zilezile, ila yeye hajengi yavuyavu; hujenga nyumba ya chokaa chini yake. Polipi maelfu wakijenga pamoja kizazi baada ya kizazi, unapata mwamba. Ngome ya Fort Jesus, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, imetokana na mawe ya matumbawe. Rangi na sehemu kubwa ya chakula cha matumbawe hutoka kwa mwani mdogo unaoishi ndani ya polipi, na joto la bahari likizidi, polipi huutoa, akabaki mweupe na mwenye njaa. Ndivyo matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yalivyokufa mwaka 1998.

Lakini ziwani hayamo, hata moja. Hakuna tumbawe lijengalo mwamba linaloishi maji baridi popote duniani. Halina vidonge vya kulalia kama vya sifongo, linataka maji ya chumvi, na mwani wake unataka maji maangavu, wakati Winam hupokea tope la mito ya Nyando na Sondu kila mvua inaponyesha. Anayedhani kilichokosekana ni njia tu ya kutoka baharini hadi Kisumu aende kaskazini ya Malindi, mto Sabaki unapomwaga maji yake mekundu. Bahari ipo palepale, joto linafaa, matumbawe ya hifadhi ya Malindi hayako mbali, na bado mwamba umekatika mbele ya mlango wa mto.