Sukari ya Damu Haipimwi kwa Kukisia

Ndugu msomaji, wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini yako maradhi ambayo mgonjwa hayafichi hata kidogo. Amewaambia jamaa zake, amekwenda hospitali, amepewa dawa, na bado yanamvizia kwa sababu hana chombo cha kuyaona. Maradhi hayo ni kisukari, na chombo chenyewe ni kile kipande chembamba cha kupimia damu ambacho wengi wetu hukiita stripu.

Tuchukue kata ya Kurui, wilayani Kisarawe, katika Mkoa wa Pwani. Tuseme yuko huko mama wa makamo anayejidunga insulini asubuhi na jioni. Leo ameshinda shambani akipalilia mihogo, amekula kidogo, na usiku anaanza kutetemeka na kutokwa na jasho. Je, ana nini? Homa hutetemesha, njaa hutetemesha, na sukari iliyoshuka hutetemesha. Wanawe wamemzunguka na taa, kila mmoja ana shauri lake. Tone moja la damu juu ya kipande kimoja lingewapa jibu kwa sekunde chache. Kama kipande hakipo, wanabaki kukisia, na katika jambo hili kukisia vibaya kunaweza kumwondoa mtu duniani kabla ya alfajiri.

Hapo zamani watu waliutambua ugonjwa huu kwa kuona siafu na sisimizi wakikusanyika penye mkojo. Baadaye sayansi ikaleta dawa ya kuchemsha pamoja na mkojo, na mwaka 1956 vikaanza kuuzwa vijikaratasi vya kuchovya katika mkojo vilivyoitwa Clinistix. Lakini mkojo ni shahidi anayechelewa. Kwa kawaida sukari huanza kutoka katika mkojo damu inapofikia kiasi cha 10 katika kipimo cha milimoli kwa lita, na kamwe mkojo hauwezi kueleza kwamba sukari imeshuka mno. Ndiyo maana vipande vya kupimia damu yenyewe, vilivyotokea katika miaka ya 1960, vilikuwa mapinduzi makubwa. Mashine ya kwanza ya kuvisoma, iliyotoka mwaka 1970, ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 1. Ya leo huingia mfukoni.

Wala isidhaniwe kuwa jambo hili ni la watu wa mijini peke yao. Utafiti wa vijijini uliofanywa na madaktari wa Muhimbili, akiwamo Donald McLarty na Andrew Swai, na kutangazwa mwaka 1989, ulikuta takriban mtu mzima 1 katika kila 100 ana kisukari. Uchunguzi wa taifa zima wa mwaka 2012 ulikuta takriban watu 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Watu waliopimwa hawakuwa wale wale, lakini dalili ya mabadiliko ni wazi.

Sasa tufanye hesabu ya nyumbani. Mtu anayetumia insulini akipima kabla ya kila mlo na kabla ya kulala, anatumia vipande 4 kwa siku, yaani 120 kwa mwezi. Kopo la vipande 50 halifiki wiki mbili. Hapo hatujataja nauli ya kwenda Kisarawe mjini, Kibaha au Dar es Salaam kulitafuta. Kisha kuna mtego ambao umewanasa wengi: vipande vya mashine ya aina moja havifanyi kazi katika mashine ya aina nyingine. Ndugu aliye mbali anakuletea mashine nzuri ya zawadi, na vipande vyake 10. Vikishakwisha, hakuna duka lenye aina hiyo, na mashine inakuwa pambo la kabatini. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kuuliza bei ya mashine, uliza kwanza vipande vyake vinapatikana wapi, kwa bei gani, na kama vitaendelea kupatikana. Mashine hununuliwa mara moja, lakini vipande hununuliwa maisha yote.

Ikiwa vipande ni vichache, ni nani atangulizwe? Jibu ni kwamba haja za wagonjwa hazilingani. Watoto, wajawazito na wote wanaojidunga insulini ndio wa kwanza. Wanaotumia vidonge kama glibenklamaidi, ambavyo vinaweza kuishusha sukari kupita kiasi, nao wasikose vya dharura. Ama anayetumia metfomini peke yake, na hali yake imetulia, halazimiki kujitoboa kila siku. Anaweza kukubaliana na mganga wake apime siku tatu kabla ya kwenda kliniki, asubuhi kabla ya kula na saa mbili baada ya mlo. Hivyo ni vipande 6 tu. Majibu ayaandike katika daftari pamoja na saa na chakula alichokula, kwani namba isiyoandikwa haimfai daktari.

Lakini ziko nyakati ambazo kipande hakiwekewi akiba kwa mtu yeyote: mwili unapotetemeka au akili inapovurugika, anapoharisha, kutapika au kuwa na homa, na dawa inapobadilishwa. Sukari ikiwa chini ya 4, apewe mara moja vijiko vya chai 3 au 4 vya sukari katika maji, apimwe tena baada ya dakika 15, kisha ale. Na kama kipande hakipo na dalili zipo, apewe sukari hiyo bila kungoja, maadamu anaweza kumeza. Akiwa amezimia asinyweshwe kitu, bali akimbizwe kwenye tiba.

Wenzetu wanaofunga Ramadhani nao wasikilize. Wanazuoni wengi wanasema kutoboa kidole kupima sukari hakubatilishi swaumu. Na mwongozo wa wataalamu wa kisukari unamtaka mfungaji afungue papo hapo sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda zaidi ya 16.6. Asiyepima atajuaje?

Vipande hivyo vichache vinataka kutunzwa. Osha mikono kwa maji na sabuni kisha ikauke, hasa ukiwa umemenya chungwa au kukamua mabibo, kwani utomvu wa tunda kidoleni huidanganya mashine ikakupa namba kubwa ya uongo. Toboa ubavuni mwa kidole, si katikati. Usikikate kipande vipande viwili, kwa maana utaviharibu vyote. Insulini hupenda ubaridi wa chungu chenye mchanga wa maji, lakini vipande huchukia unyevu na joto vilevile. Viache ndani ya kopo lake, kifuniko kikiwa kimebana, mahali pakavu penye kivuli, pasipozidi nyuzi 30 za joto. Makopo mengi yakishafunguliwa hudumu miezi 3 hadi 6 tu, basi andika tarehe ya kulifungua.

Hapa ndipo ulipo umuhimu wa ushirika. Mtu wa vidonge anayepima mara moja kwa wiki hawezi kulimaliza kopo la vipande 50 kabla halijaharibika. Lakini wagonjwa watano wa kijiji kimoja wakichangia kopo moja na mashine moja, vikakaa kwenye zahanati chini ya mhudumu anayeisafisha mashine kila baada ya mtu, hakuna kipande kitakachooza. Sharti moja halina msamaha: kisindano cha kutobolea ni cha mtu mmoja, wala hakiazimwi hata kwa mume na mke.

Na kuna jambo la uongozi. Vituo vyetu huagiza vifaa kutoka Bohari ya Dawa kwa kutazama matumizi yaliyoandikwa. Vipande vikikosekana, matumizi hayaandikwi. Na matumizi yasipoandikwa, agizo linalofuata huwa dogo au huwa sifuri. Namna ya kuukata mzunguko huo ni wagonjwa kujiandikisha kwenye zahanati yao, wahesabiwe, na idadi hiyo ifikishwe kwenye kamati ya kituo na kwenye mkutano wa kijiji. Mzazi wa mtoto mwenye kisukari aulize hospitali ya wilaya au ya mkoa juu ya mipango ya kuwapa watoto insulini na vipande bila malipo, kwani mipango ya namna hiyo imefika nchini kwetu. Chama cha Kisukari cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1985, nacho ni mlango wa kubisha.

Kudai hivi si kuomba anasa. Mwezi Mei 2022, nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilikubaliana kwamba ifikapo mwaka 2030 kila mtu mwenye kisukari cha aina ya kwanza, bila kubaki hata mmoja, apate insulini na vifaa vya kujipimia kwa gharama anayoimudu. Neno la kutazama hapo ni “na”. Mataifa hayakusema insulini peke yake, kwa kuwa dawa kali mkononi mwa mtu asiyeona ni hatari kama ugonjwa wenyewe.

Basi, ndugu msomaji, ukiwa na mgonjwa nyumbani, leo hii hesabu vipande vilivyobaki koponi, tazama tarehe yake, na tenga vitano vya dharura visivyoguswa. Ukiwa huna mgonjwa, mwulize jirani yako. Na mkutano wa kijiji utakapoitishwa, pamoja na habari za barabara na bei ya korosho, na asimame mtu aulize: je, zahanati yetu ina vipande vingapi?