Muhuri wa Chifu Haufuti Njia

Kila anayepanga ploti za Juja, Kitengela au Mtwapa ameulizwa swali hili hadi limemchosha: "Njia inapita ndani ya ploti yangu na jirani amekubali nisogee. Nijenge hadi wapi?" Swali limechanganya mambo mawili. Haki ya kupita ni ya jirani. Nafasi ya kuacha kati ya jengo na mpaka ni sharti la kaunti.

Imani inayoharibu watu ni kwamba karatasi ya chifu humaliza yote mawili. Majirani wanatia sahihi, mashahidi wanashuhudia, muhuri unagongwa, na kabla ya wiki kwisha fundi anachimba msingi. Basi ieleweke: chifu hasajili ardhi wala hatoi kibali cha ujenzi. Muhuri wake unaonyesha tu kwamba watu wawili walielewana. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012, haki ya njia hufuata ardhi. Yule jirani mpole akiuza, mnunuzi anaikuta njia nzima kama ilivyosajiliwa, na Mahakama ya Mazingira na Ardhi iko wazi kwake. Hata asipouza, hawezi kumsamehe mtu sharti la kaunti, maana halikuwa lake kamwe. Na kibali cha kaunti nacho hakifuti njia ya jirani.

Wapo pia wanaodai kwamba njia isiyoandikwa kwenye hati haipo. Sheria ya Kenya inatambua njia iliyotumika waziwazi, kwa amani na bila kukatizwa kwa miaka 20.

Njia na nafasi ya mpakani zina kazi. Mchoro unaonyesha njia ya mita sita. Ukifika pale unakuta ngazi za kibaraza upande huu, mfuniko wa chemba upande ule, na geti linalofungukia nje. Ukuta uko mahali pake, lakini lori la kokoto halipiti, gari la kunyonya maji taka linageuza, na la zimamoto litakwama hapo hapo nyumba ikiungua.

Anayetaka kujenga afanye upekuzi kwa msajili wa ardhi, aitazame ramani ya ugawaji, kisha mpimaji mwenye leseni amwonyeshe bikoni na kingo zote mbili za njia. Aiulize kaunti kwa maandishi kama nafasi inahesabiwa kutoka mpaka wa ploti au ukingo wa njia. Kuhamisha njia kunahitaji sahihi za wenye ploti zote zinazohusika, ridhaa ya benki kama kuna mkopo, na usajili. Aliyezibiwa kabisa anaweza kuomba mahakama impe njia, na huenda akaamriwa kulipa fidia.

Mwenye karatasi ya chifu mkononi na aipeleke kwanza kwa msajili na kwa kaunti, kabla zege halijamwagwa.