Uso Ukiwaka, Tafuta Chanzo Kabla ya Kupaka

Hedaru iko tambarare, chini ya Milima ya Upare, kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Arusha. Mvua nyingi huishia juu kwenye misitu ya Shengena. Huku chini ni ukame, na kuanzia Desemba hadi Machi jua huchoma tangu asubuhi. Anayeshinda shambani, kwenye bodaboda au kwenye meza ya biashara kando ya lami anaijua hali hii: uso unawaka, mashavu yanapata joto, ngozi inawasha. Wengi hukimbilia dukani kununua cha kupaka, na mara nyingi hapo ndipo tatizo dogo linapoanza kukua.

Uso una mishipa midogo mingi ya damu iliyo karibu sana na ngozi. Mwili ukipata joto, mishipa hiyo hutanuka ili joto lipate kutoka. Jua, moto wa jikoni, chai ya moto, pilipili, pombe, hasira na aibu vyote huweza kuitanua. Mwanamke anayekaribia kukoma hedhi hupatwa na joto la ghafla usoni na kifuani, hata usiku wa manane. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu, kama nifedipini, nazo huleta hali hiyo. Wekundu wa namna hii huja na kuondoka, hauachi magamba wala vipele.

Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha. Mahali palipowaka huonekana peusi zaidi, pa kahawia au pa zambarau. Ndiyo maana magonjwa mengi ya uso huchelewa kutambuliwa kwetu. Usitegemee macho peke yake: gusa uone kama pana joto, kama pamevimba, kama panauma.

Hali ikidumu kwa siku kadhaa, angalia imekaa wapi. Magamba yenye mafuta kwenye nyusi na pembeni mwa pua ni dalili ya mba wa uso. Aliyekata mkonge akajifuta jasho kwa mkono huungua na majimaji yake, kwa kuwa yana chembe ngumu zinazochoma ngozi. Msimu wa mvua, mstari unaochoma kama moto na kutoa malengelenge mara nyingi hutokana na Paederus, mdudu mwembamba mwenye rangi nyekundu na nyeusi anayefuata taa usiku. Hang'ati, sumu yake hutoka akipondwa. Mpeperushe, kisha osha ngozi kwa sabuni. Baka linaloshika mashavu yote mawili na daraja la pua, likizidi juani na kuambatana na uchovu na maumivu ya viungo, linahitaji kupimwa ugonjwa wa lupasi.

Kwa mtu mwenye ualbino, wekundu wa jua huonekana wazi, na ni onyo zito kwa sababu kuungua kwa kurudiarudia huleta saratani ya ngozi. Kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua ni kinga ya uhai wake.

Chanzo kinachosikitisha kuliko vyote ni kile tunachojipaka wenyewe. Krimu zenye steroidi kali, kama klobetasoli na betamethasoni, huuzwa kiholela na kuchanganywa kwenye mkorogo. Siku za kwanza uso hutulia na kung'aa. Baada ya wiki au miezi ngozi huwa nyembamba, mishipa huanza kuonekana, vipele hutoka. Mtu akiacha, uso huwaka kuliko mwanzo, naye huirudia krimu ileile kana kwamba ndiyo tiba. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku Tanzania, lakini bado vinapita mikononi mwa watu. Aliyekwisha kuzoea krimu ya steroidi aende kwa mtaalamu amwongoze namna ya kuiacha.

Usisubiri ukiona midomo au ulimi umevimba na pumzi inabana. Usisubiri pia ukiona malengelenge mdomoni au machoni baada ya kuanza dawa mpya, hasa za salfa, au upande mmoja wa uso umevimba na unauma, nawe una homa. Hayo ni ya kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo.

Kwa mengine, osha uso kwa maji ya kawaida, acha vipodozi vyote kwa muda, kaa kivulini, na andika ulichokula, ulichopaka na dawa ulizomeza. Usipopata nafuu, nenda kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Wilaya ya Same. Yanayozidi hapo hupelekwa Moshi, katika hospitali ya KCMC, ambako tangu 1992 kuna kituo cha kufundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Chukua makopo na mirija yote uliyokuwa ukitumia, hata ile unayoionea aibu. Mara nyingi jibu la daktari limo humo.