Ukame Unapoingia Moyoni

Wajukuu zangu, leo nawasimulia ugonjwa ambao hauonekani kwenye ngozi.

Kakesio ni kata ya wafugaji wilayani Ngorongoro, kusini magharibi, pakavu kuliko kule juu ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Kata hiyo imo ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, na humo kilimo hakiruhusiwi. Basi ng'ombe ndiye maziwa, ndiye gunia la mahindi, ndiye sare ya shule.

Ukame ulikuwepo tangu enzi za mababu. Lakini moshi wa viwanda, magari na mitambo ya umeme, mwingi wake kutoka nchi za mbali, umeongeza joto duniani. Malisho hukauka upesi, na mvua hazitabiriki tena. Mwaka 2009 ukame uliua ng'ombe wengi mno kaskazini mwa Tanzania.

Sasa mtazameni mtoto mchungaji. Kila ndama anamjua kwa rangi yake. Asubuhi ng'ombe ameshindwa kusimama: baba anashika mkia, kaka anashika pembe, mtoto anasukuma ubavuni. Leo anainuka. Keshokutwa hainuki tena.

Usiku ule mtoto hapati usingizi. Darasani macho yako ubaoni, mawazo yako zizini. Tumbo linamuuma, na akipimwa haonekani na ugonjwa. Baba naye amekuwa mkali, au anakaa peke yake bila kusema. Huo si uvivu, wala hawajarogwa. Ni hofu na huzuni zilizowazidi nguvu. Mwaka 2022 jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa lilithibitisha kwamba joto na majanga ya hali ya hewa huumiza afya ya akili.

Kuleta mvua hatuwezi. Kumwondolea mtu upweke tunaweza. Wamasai wa Ngorongoro wana desturi iitwayo ewoloto: watu wa ukoo hukutana, wakamchangia mifugo ndugu aliyefilisika ili aanze upya. Anapata maziwa, na anajua kwamba hajatupwa.

Nanyi mna la kufanya. Ukiona mwenzako hachezi tena, kaa naye, muulize, msikilize. Wewe ukilemewa, mwambie mama, bibi au mwalimu. Hali ikiendelea wiki hadi wiki, waombe wakupeleke zahanati, kama ambavyo wangekupeleka kwa malaria. Msione aibu, wajukuu zangu: moyo nao huumwa, na ukihudumiwa mapema huweza kupona.